Orodha Yangu ya Ndege Hupungua Kila Juni: Je, Ndege Wanakwisha?

"Daktari, ninaishi Kunduchi, Dar es Salaam. Kwa karibu miaka miwili sasa, kila Jumamosi asubuhi mimi na binti yangu wa miaka kumi na mmoja hutembea ufukweni hadi kwenye mashamba ya chumvi, tukiandika daftarini ndege tunaowaona. Januari tulifikisha aina 61 kwa mwezi mzima. Juni tukapata 34 tu, na Juni ya mwaka uliotangulia ilikuwa karibu vilevile. Wale wadogo wekundu wenye tumbo jeusi, waliokuwa wakijaa kwenye majani nyuma ya nyumba, wametoweka kabisa. Jirani yangu anasema ndege wanakwisha kwa sababu ya ujenzi na kunguru. Kaka yangu anasema programu ya simu ndiyo inayotudanganya. Kuna Jumamosi tunakuta ufuko kama mtupu, ilhali wiki iliyotangulia ulijaa. Na mwezi wa Aprili binti yangu aliokota barazani mdiria mdogo sana mwenye mdomo mwekundu, akiwa amezimia. Je, orodha yetu ina maana yoyote? Tufute yale tusiyo na uhakika nayo? Na ni lazima twende kila wiki?"

Ndugu msomaji, umeuliza mengi kwa pamoja, lakini hofu iliyo chini ya yote ni moja: kwamba zile aina 27 zilizokosekana kati ya Januari na Juni zimekufa au zimefukuzwa. Kwa sehemu kubwa sivyo ilivyo. Katika ufuko wa Dar es Salaam, orodha isiyopungua Juni ndiyo ingenitia shaka, maana ningedhani mwenyewe ananakili ukurasa wa Januari. Hata hivyo sitaki kukutuliza kupita kiasi, kwa sababu jirani yako ameshika sehemu ya ukweli, na kaka yako naye ameshika yake. Kilichopo ni kwamba mambo matatu yamechanganyika katika daftari lenu: ndege walioondoka, ndege waliopo ila hamkuwatambua au hamkuwaona, na ndege ambao huenda kweli wanapungua.

Tuanze na walioondoka. Wengi wa ndege mnaowaona Januari wakichokoa tope mbele ya mikoko, yaani vitwitwi wa aina mbalimbali, sululu wenye midomo mirefu iliyopinda chini na baadhi ya shakwe, hawazaliani Afrika Mashariki. Huzaliana kaskazini ya mbali katika miezi ya Mei hadi Julai, wakati majira mafupi ya joto ya huko yanapoleta wadudu wengi kupita kiasi na mchana mrefu wa kuwatafutia makinda chakula. Chukua mfano wa kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo, ambaye kitaalamu huitwa Calidris ferruginea, na ambaye bila shaka yumo katika ukurasa wenu wa Januari kwa makundi. Huyu hutaga mayai katika nyanda za baridi za kaskazini mwa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Kunduchi. Mkiongeza mbayuwayu na keremkerem wanaotoka Ulaya na Asia, mtaona kwamba sehemu kubwa ya pengo lenu ina maelezo ya kawaida kabisa.

Hapa kuna dhana mbili ambazo ningependa tuziondoe. Ya kwanza ni kwamba hawa ni wageni wanaokuja kututembelea. Kitwitwi niliyemtaja hufika pwani yetu kuanzia Agosti, na huondoka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Siberia hukaa majuma machache tu. Kwa hesabu ya miezi, ni mkazi wa Kunduchi anayekwenda Siberia kuzaa. Kwa sababu hiyo, tope la Kunduchi likiharibika, yeye hapotezi kituo cha mapumziko bali maskani yake ya miezi minane au tisa. Dhana ya pili ni kwamba ndege hukimbia baridi. Manyoya yao yanaweza kuhimili baridi kali; kisichohimilika ni tope na maziwa kuganda barafu na wadudu kutoweka. Kinachowasukuma ni njaa inayokuja, nao huanza safari kabla haijafika.

Utauliza basi wanajuaje wakati wa kuondoka, ikiwa hapa Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Ni swali zuri, na jibu lake limechunguzwa kwa ndege wa kwetu. Mtafiti wa Ujerumani, Eberhard Gwinner, aliwaweka ndege wadogo wa jenasi ya Saxicola waliotoka Kenya katika vyumba ambamo urefu wa mchana haukubadilika hata kidogo, na kwa miaka mingi ndege hao waliendelea kupitia vipindi vya kuzaliana na kubadilisha manyoya kwa mzunguko unaokaribia mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba ndege ana saa ya mwaka ndani ya mwili wake, na mabadiliko ya mwanga, hata madogo, kazi yake ni kuirekebisha tu. Saa hiyo ikifika mahali pake, homoni hubadilika, ndege huanza kula bila kushiba, na mafuta hujikusanya chini ya ngozi hadi wengine huongeza zaidi ya nusu ya uzito wao. Mkienda ufukweni katikati ya Aprili mkamtazama kitwitwi kwa darubini, mtamwona mnene, na yule aliyekuwa wa kijivu Januari sasa ana kifua chekundu kama tofali. Mkiwa hamjui hili mtamwandika mara mbili, kana kwamba ni aina mbili.

Pepo nazo zina sehemu yake. Kama jahazi za zamani zilivyoshuka na kaskazi na kurudi na kusi, ndege wengi hupanga safari zao ndefu kwa upepo wa kuwasukuma. Kozi wa Amur, ambaye huzaliana mashariki ya Asia, huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika mwezi wa Novemba, na hurudi Aprili na Mei upepo ukiwa umegeuka. Kuna pia yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, anayeonekana katika fukwe za tope tangu Lamu na Mida hadi Mafia. Huyu haendi Siberia wala Ulaya. Huzaliana katika visiwa na fukwe za mchanga za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, na hutaga yai lake ndani ya shimo alilochimba mchangani, jambo ambalo ndege wengine wa jamii ya vitwitwi hawalifanyi. Kama mmemwona Januari na kumkosa Juni, hiyo ndiyo sababu.

Lakini Juni si mwezi wa maskini, na hapa ndipo ninapotaka mtazame upya. Kwanza, si wahamiaji wote walioondoka. Wale waliozaliwa mwaka uliopita, ambao hawajapevuka, mara nyingi hubaki pwani yetu mwaka mzima, wakiwa na manyoya yaleyale ya kijivu. Sululu watano au kumi mtakaowakuta mwezi wa Julai kwa kawaida ni hao, na si wagonjwa walioachwa na wenzao kama watu wanavyodhani. Pili, kuna wanaokuja wakati huo hasa. Kusini mwa Afrika na Madagaska ni majira ya baridi, kwa hiyo kuanzia Mei hadi Septemba pwani hupokea keremkerem wa Madagaska mwenye utosi wa rangi ya kahawia, na hupokea pia korongo mdogo wa Madagaska, ambaye yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Huyu wa mwisho ni rahisi kupita mkamwandika kuwa yangeyange, hasa akiruka, kwa kuwa mabawa yake ni meupe. Ningependa kujua kama katika zile aina 34 za Juni kuna hata aina tano ambazo hazimo katika ukurasa wa Januari. Nadhani zimo, ila jumla ya mwezi imewaficha.

Sasa tuje kwa wale wekundu nyuma ya nyumba. Kwa maelezo yako, wekundu wenye tumbo jeusi, wengi, kwenye majani marefu, hao ni kweche wa pwani, Euplectes nigroventris, na hawajaenda popote. Dume wa kweche huvaa wekundu kwa ajili ya msimu wa kuzaliana peke yake, ambao hufuata mvua, kwa kuwa mvua ndiyo inayoleta majani ya kufumia kiota na mbegu changa pamoja na wadudu wa kulisha makinda. Mvua zikiisha na majani yakikauka, hunyonyoka manyoya yale na kuota mengine ya kahawia yenye michirizi, akafanana na jike wake, na kwa mbali wote wawili wakafanana na shomoro. Angalieni daftari lenu la Julai na Agosti: kama mmeandika mara nyingi "shomoro wa kahawia, kundi kubwa, kwenye majani", basi kuna uwezekano mkubwa kwamba mliandika kweche bila kujua. Mtazameni tena kwa karibu. Shomoro wa mjini ana mdomo mnene na hupenda mapaa na baraza. Kweche wa kahawia ana mkia mfupi mno, ana mstari wa rangi ya maziwa juu ya jicho, na hushikilia bua la jani kwa miguu yote miwili likiinama naye. Baadhi ya madume hubadilika viraka viraka, kwa hiyo katika wiki za kati mnaweza kuona mmoja mwenye madoa mekundu kifuani, na huyo mmoja hutatua fumbo zima kuliko kitabu chochote.

Jambo la Jumamosi tupu na Jumamosi iliyojaa linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo linaloharibu orodha nyingi za pwani, na chanzo chake ni ile ratiba yenyewe ya kwenda siku ileile, saa ileile. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa siku saba, ucheleweshaji huo hukaribia saa sita, ambayo ndiyo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa. Kwa hiyo mtu anayefika ufukweni kila Jumamosi saa tatu asubuhi hukuta bahari katika hali mbili zinazopingana, wiki hii moja na wiki ijayo nyingine, kisha mzunguko huanza tena. Kwetu Dar es Salaam, wakati wa bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hupwa sana kuelekea saa nne hadi saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Tope huachwa wazi mbali kabisa, na ndege hutawanyika huko wakifuata ukingo wa maji, wakaonekana kama vumbi jeusi lisilo na jina. Ufuko haukuwa mtupu. Ndege walikuwa mbali mno kwa darubini yenu. Jumamosi inayofuata, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: wakati uleule wa asubuhi maji yanajaa polepole, tope lililo wazi ni jembamba, na ndege husogezwa karibu nanyi. Ndiyo maana wiki hiyo mnaandika aina nyingi na mnarudi nyumbani kwa furaha.

Kutokana na hilo, ushauri wangu ni kwamba kabla ya kutoka mtazame jedwali la maji, au mmuulize mvuvi yeyote, naye atawaambia bila hata kutazama saa. Jumamosi ya maji mafu nendeni asubuhi kama kawaida. Jumamosi ya bamvua ahirisheni hadi alasiri, kwenye saa kumi hadi saa kumi na moja, wakati maji yamejaa kabisa na kulifunika tope lote. Hapo ndege hawana pa kula, hukusanyika kusubiri mahali palipo pakavu, na katika eneo lenu mahali hapo mara nyingi ni kuta za mashamba ya chumvi. Watasimama kwa safu, vichwa vyote vikielekea upepo, wengi kwa mguu mmoja, na mtaweza kuwahesabu kwa utulivu. Simameni mbali, msiwarushe. Kila wanaporuka huunguza mafuta wanayoyahitaji, na kwa Aprili hilo si jambo dogo.

Kuhusu programu ya simu, kaka yako ana haki kwa kiasi. Programu ya aina ya Merlin husikiliza sauti au hutazama picha na kukisia, na hukisia vizuri zaidi kwa ndege wenye rekodi nyingi kuliko wale wenye rekodi chache. Upepo wa kusi na sauti za watoto wanaocheza huipotosha pia. Itumieni kama pendekezo la nani wa kumtafuta. Sauti ikitajwa na programu bila ninyi kumwona ndege au kuijua sauti hiyo wenyewe, iandikeni kwa alama ya kuuliza. Na hapo nimejibu swali lako la kufuta: msifute chochote. Kufuta huondoa makosa pamoja na ushahidi wa makosa. Pigeni mstari mmoja unaoruhusu maandishi kusomeka, wekeni alama ya kuuliza, na pembeni muandike mlichokiona kwa macho: ukubwa kulinganisha na ndege mnayemjua, umbo la mdomo, rangi ya miguu, alikuwa akifanya nini. Maelezo kama "mkubwa kuliko kitwitwi, miguu ya rangi ya chungwa, hukimbia akiinama" yanaweza kutatuliwa miaka mitano baadaye na mtu asiyekuwepo. Jina peke yake haliwezi.

Sasa jirani yako. Amesema ujenzi na kunguru, na vyote viwili ni vya kweli. Kunguru yule mwenye shingo ya kijivu si wa asili hapa. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, akaenea bara, na hula mayai na makinda ya ndege wengine bila huruma. Mikoko ikikatwa na mashamba ya chumvi yakifukiwa kwa viwanja, ndege hawana mahali pengine pa kusubiri maji yapwe. Sina shaka kwamba Dar es Salaam imepoteza ndege. Lakini kulinganisha Januari na Juni hakuwezi kulithibitisha hilo wala kulikanusha. Linganisheni Juni na Juni, Januari na Januari. Umeniambia kwamba Juni mbili mfululizo zilikuwa karibu sawa. Hiyo, kwa uchache wa miaka, ni habari njema na wala si mbaya. Wenye kuwapa fununu ya kweli zaidi ni wakazi wasiohama: mnana, chozi, shore, mdiria wa kawaida, kuzumburu, dudumizi. Mkiona kwamba mnana aliyekuwa akionekana kila Aprili haonekani tena Aprili mbili au tatu mfululizo, katika njia ileile, kwa muda uleule, hapo jirani yako atakuwa na ushahidi. Kwa maoni yangu miaka miwili ni michache mno kwa hukumu. Miaka mitano huanza kusema jambo.

Ili daftari liweze kusema, ni lazima liseme pia jinsi mlivyotazama. Hili ndilo jambo kubwa ninaloomba mlibadilishe. Kila mtokapo, kabla ya jina la ndege yeyote, andikeni tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, njia mliyopita, hali ya maji, na kama kulikuwa na mvua au upepo mkali. Kisha andikeni ndege wote mliowatambua, wakiwemo kunguru na njiwa ambao kila mtu huwaruka kwa kuwachoka. Orodha kamili ya namna hiyo ina nguvu ambayo orodha ya "ndege wa kuvutia" haina kamwe, kwa kuwa asiyeandikwa huhesabiwa kuwa hakuonekana. Baada ya hapo, badala ya kujumlisha aina za mwezi, tazameni kila aina ilionekana mara ngapi kati ya mara mlizotoka. Kweche akionekana katika matembezi matatu kati ya manne ya Mei, hiyo ni asilimia 75, na inaweza kulinganishwa na Mei ya mwakani hata kama mwakani mtatoka mara mbili tu. Mkipima kwa jumla ya mwezi, mwezi wa matembezi manne siku zote utashinda mwezi wa matembezi mawili, na nina hakika kwamba katika masika, na huenda katika Juni ya upepo mkali wa kusi, hamkutoka kila wiki. Angalieni.

Kwa hiyo si lazima kwenda kila wiki. Mara mbili kwa mwezi, kwa utaratibu mmoja, mwaka mzima hata kwenye miezi isiyopendeza, inafaa kuliko kila wiki wakati wa kaskazi na kimya kabisa wakati wa masika. Matembezi mawili, moja la maji mafu asubuhi na moja la bamvua alasiri, yatawapa picha nzima ya mwezi. Saa mbili zinatosha. Kama mnaweza kuongeza tembezi moja la ziada, liwekeni katikati ya Januari, kwa sababu wakati huo wahamiaji wametulia mahali pamoja, na ndiyo maana Hesabu ya Kimataifa ya Ndege wa Majini, inayoratibiwa na Wetlands International na iliyoanza mwaka 1967, hufanyika mwezi huo. Mpe binti yako kazi ya kuandika saa na hali ya maji. Watoto hawasamehe mtu anayesahau.

Utaniuliza pia, ingawa hukuuliza, kama daftari latosha au muingize kumbukumbu katika mfumo wa mtandao kama eBird wa Chuo Kikuu cha Cornell, ulioanza mwaka 2002. Daftari halihitaji bando wala chaji, na mtu huandika akiwa bado anamtazama ndege. Ubaya wake ni kwamba mvua moja au mwizi mmoja wa mkoba humaliza kila kitu, na hakuna mwingine anayefaidika. Mfumo wa mtandao huwahifadhia, huwahesabia, na rekodi yenu humfikia mtafiti. Ila hukulazimisha kuchagua jina hata pale ulipokuwa na mashaka, isipokuwa ukijua kutumia nafasi zake za "aina isiyojulikana". Mimi ningeandika kwenye daftari ufukweni na kuhamishia jioni nyumbani. Katika kuhamisha, msitaje nyumba yenu kama mahali pa kutazamia. Tajeni ufuko au mtaa. Wala msitangaze mahali penye kiota cha ndege adimu. Majina ya Kiswahili hutofautiana kati ya mji na mji, kwa hiyo kila aina ipeni pia jina lake la kisayansi mara moja mwanzoni mwa daftari.

Yule mdiria wa barazani, kwa mdomo wake mwekundu na udogo wake, naamini ni mdiria mdogo wa Afrika, Ispidina picta. Baadhi yao huhama ndani ya bara letu, kutoka kusini kuja kwetu kuelekea Aprili na kurudi baada ya miezi michache, nao husafiri usiku. Taa za baraza huwavuta, kioo huwadanganya, na asubuhi huokotwa chini. Mwandikeni: tarehe ya ndege aliyegonga dirisha katika safari ya usiku ni rekodi ya thamani, pengine kuliko rekodi nyingine yoyote ya mwezi huo. Akitokea mwingine, mwekeni katika boksi la karatasi lenye matundu, mahali penye giza na kimya, mbali na paka. Msimmiminie maji mdomoni wala msimlishe. Baada ya saa moja au mbili fungueni boksi nje, wengi huruka. Taa ya baraza nayo ningeizima usiku katika Machi na Aprili, kama usalama unaruhusu.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Ndege asiyeweza kuruka baada ya saa chache, au anayeburuta bawa, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mkikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, au wanayumba na kupindisha shingo, msiwaguse kabisa, mzuieni mtoto na mbwa, na mtoe taarifa siku hiyohiyo kwa afisa mifugo wa kata yenu, kwani huenda ni sumu au mafua ya ndege, na kuhakikisha ni kazi ya maabara. Mkiokota au kupiga picha ndege mwenye pete mguuni, andikeni herufi na namba zote zilizo kwenye pete. Kwa korongo wa Madagaska, na kwa vitwitwi wa kijivu ambao hata sisi hubishana juu yao, tafuteni mtu mzoefu wa kutembea naye asubuhi mbili tatu. Wanachama wa Nature Tanzania na walimu wa zuolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuanzia, na mkipita Nairobi siku ya Jumatano, yako matembezi ya asubuhi ya Nature Kenya yanayoanzia Makumbusho, ambayo mgeni hupokewa vizuri.

Mashamba ya chumvi yana wenyewe: ombeni ruhusa mara moja, kwa heshima, na mwambieni mlinzi mnachokitafuta, maana yeye huwaona ndege hao kila siku na mara nyingi anajua wanapolala. Chukueni kitambulisho, msielekeze darubini kwenye maeneo ya jeshi, na mkitembea katikati ya mikoko geukeni mapema, maji yanapoanza kurudi, kwa sababu wakati wa bamvua mifereji ya nyuma yenu hujaa kabla ya ile iliyo mbele.